Kiapo cha Babu Tope

Muuza dagaa wa Nkome alikataa kumuuzia.

"Lamba kwanza," alisema, mkono kiunoni, kopo la kupimia likining'inia kidoleni. "Lamba ndiyo nikupimie."

"Mama, leo nimekuja kama mteja tu."

"Mteja gani? Nakujua. Lamba!"

Wiliam akatabasamu. Hakuwa jukwaani. Hakuvaa ile kofia ya ukili, hakushika fimbo, wala hakubandika ndevu za pamba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita aliyeshuka ziwani kununua dagaa wa kumpelekea dada yake. Lakini wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani walishainua vichwa, na mtu mmoja kule kwenye mitumbwi alishapiga yowe: "Babu Tope huyo! Babu Tope yuko mwaloni!" Kufumba na kufumbua wakawa wamemzunguka.

Akainama. Akachota mchanga kwa vidole viwili, mchanga unaonuka shombo, akauweka ulimini. Akakohoa mara mbili. Kisha akaitoa ile sauti, nzito, ya kukwaruza, ya mzee wa Kisukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani: "Kama naongopa, udongo unimeze!" Akaanguka chali.

Mwalo mzima ukalipuka. Muuza dagaa alicheka mpaka akakaa chini, na alipoinuka akapima kopo likiwa na kilima, akaongeza na gao la mkono juu yake.

Wiliam akashukuru, akazunguka nyuma ya mitumbwi mahali ambapo hakuna mtu, akatema mate. Akatema tena. Mchanga una tabia mbaya: ukishaingia kinywani, siku nzima unausikia kwenye meno.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake kwa mwaka wa tatu sasa. Watu hudhani mchekeshaji ana kazi kama fundi cherehani, kwamba jioni hufunika mashine akaenda kwake. Wiliam hakuwa na kifuniko. Alipougua malaria na kulazwa Geita, muuguzi aliyemchoma sindano alimwomba agumie kwa sauti ya Babu Tope ili amrekodi. Alipokwenda Chato kumzika mwenzake wa kikundi, waombolezaji walimsubiri aanze. Na Loveness, binti aliyempenda kwa dhati, alimwacha kwa maneno machache: "Siku uliyoniambia unanipenda, nilicheka. Baadaye nikajiuliza kwa nini nilicheka. Wiliam, mimi sijui lini unasema kweli."

Wala usidhani hakuwa na kiburi. Alikuwa nacho, tena kingi. Alijua kwamba kuanzia Katoro mpaka Kahama hapakuwa na kijana aliyeweza kusimama mbele ya wachimbaji mia tano waliochoka na wenye kiu akawashika kama alivyowashika yeye. Ila katika begi lake kulikuwa na daftari la mashairi aliyojifunza kuyatunga peke yake, akihesabu mizani kwa vidole kama mtoto anayehesabu mawe. Siku ya kwanza alipokwenda Kahama kwa Charles, mpiga picha za harusi aliyekuwa anaanzisha kikundi cha vichekesho, alimsomea ubeti aliomtungia mama yake:

*Mama ulilala chini, udongo ukakushika,*
*Nikabaki duniani, nachekesha wakicheka,*
*Nikilia hadharani, makofi yanasikika,*
*Nani ataniamini, siku nikihuzunika?*

Charles alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu. "Nzuri," akasema. "Sasa ukifika hapo kwenye makofi, suruali ikushuke."

Wiliam akafunga daftari.

"Sikia, ndugu yangu. Watu wanashinda shimoni. Wakitoka wanataka kucheka, hawataki kuzikwa mara ya pili. Hebu nifanyie mzee yeyote unayemjua."

Mzee aliyemjua kuliko wote alikuwa baba yake.

Akakunja mguu wa kushoto, ule ambao fahali alimvunja mzee Masele zamani. Akakohoa mara mbili, kama mzee Masele anavyokohoa kabla ya kusema neno lolote. Akasema kidogo tu, habari ya ng'ombe na mvua, na Charles akacheka mpaka kamera ikatikisika mkononi. Hivyo ndivyo Babu Tope alivyozaliwa, jukwaani na kwenye video za simu. Na lile wazo kwamba mzee huyo awe mwongo, tena kila anapodanganya alambe udongo na kuapa, halikuwa la Charles. Lilikuwa la Wiliam mwenyewe. Alilitoa kwa furaha, kama mtu anayeokota jiwe lenye dhahabu.

Simu ililia akiwa bado nyuma ya mitumbwi. Alikuwa Limi, dada yake.

"Watu wa Magesa wamefyeka minyaa," alisema bila salamu.

"Minyaa ipi?"

"Ya mpakani, upande wa mashariki, mstari wote. Magesa anasema shamba alilonunua kwa jirani linakuja mpaka njia ya ng'ombe. Wiliam, njia ya ng'ombe iko huku kwetu. Kaburi la mama limebaki kwake."

Wiliam akakaa kwenye ubavu wa mtumbwi. Magesa alikuwa tajiri wa karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Miezi miwili iliyopita rashi, mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ilizuka kwenye kilima cha jirani, watu wakamiminika na sururu, na kila mwenye ardhi karibu na kile kilima akaanza kulala jicho moja wazi.

"Ana karatasi?"

"Anayo. Warithi wa jirani walimwandikia. Baba hana. Baraza la kata linakaa Alhamisi kuwasuluhisha. Baba anasema yeye hana karatasi ila ana ulimi. Ataapa."

Wiliam akausikia ule mchanga kwenye meno. "Ataapa vipi?"

"Unajua ataapa vipi," Limi akasema, akakata simu.

Wiliam alikiona kiapo hicho mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Mtu wa kijiji cha pili alidai kipande cha malisho. Wazee wakakusanyika. Mzee Masele alifika na udongo wa mpakani aliokuwa ameufunga kwenye kitambaa, akakifungua mbele za watu, akakohoa, akawataja kwa majina marehemu wote waliopanda ile minyaa, mmoja mmoja, kisha akaugusa udongo kwa ulimi na kusema: kama naongopa, udongo unimeze. Katika ukoo wao hapakuwa na kiapo kilichozidi hicho. Wiliam alikumbuka ule ukimya. Hata ng'ombe walionekana kuacha kutafuna. Yule mdai alitazama miguu yake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi. Yaishe," akaondoka.

Ukimya ule ndio aliokuwa akiutafuta alipokwenda Kahama na daftari lake. Alitaka siku moja asimame watu wanyamaze hivyo. Walimpa kicheko, naye akakipokea, kwa sababu mwenye njaa hachagui sahani.

Charles alipoambiwa habari ya baraza hakuelewa. "Alhamisi tuna jukwaa Katoro."

"Nina baraza la ardhi nyumbani."

"Baraza?" Sauti ya Charles ikachangamka. "Nije na kamera?"

"Ukija nitakuvunja meno."

Charles akacheka sana. "Hiyo nzuri, kaka! Iweke kwenye ile ya mwezi ujao."

*

Wiliam alifika nyumbani Jumatano mchana, kwa bodaboda kutoka Bugarama, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Dereva alimtangaza njia nzima. Kila walipopita kwenye kibanda alipiga honi na kunyoosha kidole nyuma yake. "Nimembeba Babu Tope! Kesho yuko barazani!"

Mzee Masele alikuwa zizini akisokota kamba ya ndama.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Malahaba, ng'wanone, mwanangu," mzee akaitikia, akaendelea kwa Kisukuma: "Umekonda." Akakohoa mara mbili. Wiliam akajikuta anasikiliza kikohozi kile kama fundi anayekagua kazi yake, akachukia. "Wanakulisha huko kwenye kazi yako ya kuchekesha watu?"

"Wananilisha."

"Vizuri. Kuchekesha si dhambi. Babu yako alikuwa anachekesha msibani mpaka mfiwa anasahau." Akaendelea kusokota. Simu yake ilikuwa ya tochi, ya kupiga na kupokea tu, na Limi kwa miaka mitatu alihakikisha kwamba hakuna simu kubwa yenye zile video inayomkaribia mzee. Kanisani watu walimheshimu. Waliocheka walicheka akishapita. "Kofia yangu ya ukili hukuiona? Ilipotea ile siku uliyokuja mara ya mwisho."

"Sikuiona, baba."

Limi, aliyekuwa mlangoni na ungo, akamtazama kaka yake, kisha akaingia ndani.

Jioni mapema, jua likiwa bado kali, walikwenda mpakani. Minyaa ilikuwa imelazwa chini mstari mzima, na mahali ilipokatwa utomvu mweupe ulikuwa umeganda kama maziwa yaliyomwagika. Kaburi la Mbuke, mama yao, lilikuwa hatua kumi na tano upande wa pili, mawe yake yamepangwa vizuri na msalaba wa mbao umeinama kidogo. Karibu nalo mtu alikuwa amechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Wachimbaji huchomeka kijiti cha namna hiyo mahali wanapokusudia kufungua duara, shimo lao la kuchimba dhahabu.

Mzee Masele akachuchumaa kwa shida, mguu wa kushoto ukimkatalia. Akachota udongo pale ulipokuwa mmea wa kwanza, akauweka kwenye kitambaa, akafunga fundo.

Huu ndio ulikuwa wakati. Wiliam aliujua, na baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuujua.

"Baba," akasema. "Kesho usilambe udongo."

Mzee akageuza kichwa. "Kwa nini?"

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: Baba, nimekuchukua, nimekuuza, na kiapo chako nimekifanya alama ya mwongo. Lakini alimtazama yule mzee amechuchumaa na fundo lake mkononi, na aibu ikamzuia. Kiburi nacho kikamnong'oneza kwamba labda watu hawatahusisha, kwamba barazani ni barazani na kichekesho ni kichekesho.

"Watu wa siku hizi hawaelewi hayo mambo. Sema tu. Eleza tu."

"Nieleze nini? Waliopanda huu mpaka wote wamelala. Aliyebaki ni mimi na udongo." Akainuka, akimshika mwanawe bega. "Watu wana siku hizi. Udongo hauna."

*

Kwa kawaida baraza la usuluhishi la kata hukusanya watu kumi: wadai wawili, ndugu zao, na wazee wasio na kazi. Alhamisi ile ukumbi ulijaa saa tatu haijafika. Wachimbaji wa rashi walikuja na viatu vya matope, wauza chai wakaacha birika, na madirishani watu walibanana mabega. Wiliam alipoingia na baba yake, minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama. Ndipo alipoelewa kwamba hawakuja kwa ajili ya shamba. Walikuja kwa sababu yake.

Mwenyekiti alikuwa Mama Philomena, mwalimu mstaafu, mwanamke mkavu ambaye watu wazima bado walimwogopa. Akagonga meza. "Hapa si sinema. Anayetaka kucheka atoke." Hakutoka mtu.

Magesa alisema kwanza. Alikuwa mtu mpole wa sauti, shati jeupe limepigwa pasi. Akatoa karatasi, akaisoma taratibu: mpaka ni njia ya ng'ombe. Akasema anamheshimu mzee Masele kama baba, na kwamba kaburi lipo tayari kuhamishwa kwa heshima zote. Akakaa.

"Mzee Masele," Mama Philomena akasema. "Zamu yako, baba."

Mzee akasimama. Akavuta ule mguu mpaka mbele. Mtu mmoja dirishani akaguna, kile kiguno cha mtu anayebana kicheko. Mzee akakohoa mara mbili.

Nyuma ya ukumbi wakakohoa mara mbili.

"Mimi naitwa Masele," akaanza, kwa Kiswahili chake kinachogeuza kila r kuwa l. "Nilizaliwa hapa hapa, kabla ya balabala kufika..."

Kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo, cha aibu. Cha pili kikasukuma cha tatu. Mama Philomena akagonga meza, "Heshima! Heshima kwa mzee!" lakini Wiliam alimwona anavuta ncha ya khanga na kuibana mdomoni, na macho yake yamelowa. Hata yeye. Hakuwa na uovu. Alikuwa na simu yenye Babu Tope kama wengine.

Mzee alidhani hawamsikii. Akapaza sauti. Kadiri alivyopaza, ndivyo alivyozidi kuwa Babu Tope. Akawataja marehemu, aliyepanda mnyaa wa kwanza, aliyepanda wa pili, na kwa kila jina kulikuwa na mtu anayejipiga paja. Wiliam alikuwa benchi la mbele, kucha zimezama viganjani, akimwomba Mungu kitu kimoja tu: lile fundo lisifunguke.

Likafunguka.

Mzee Masele akakishika kitambaa kwa mkono wa kushoto, akachota udongo kwa vidole viwili, akaugusa kwa ulimi. "Kama naongopa," akasema.

"UDONGO UNIMEZE!" ukumbi wote ukaitikia kwa sauti moja. Dirishani mchimbaji mmoja akajitupa chali juu ya wenzake, wakamdaka, wakapiga mbinja.

Mzee alibaki amesimama, udongo kwenye mdomo wa chini. Aliwatazama kama mtu aliyerudi kijijini kwake akakuta wamehama wote na wamewekwa wengine wenye sura zile zile.

Magesa hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akainua mkono. "Mwenyekiti, sitaki kumvunjia mzee heshima. Lakini kila mtu humu ndani anajua anayelamba udongo ana maana gani. Amejijibu mwenyewe."

Hapo Wiliam akaruka. "Nyamazeni!" Sauti ilimtoka kifuani, yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. "Nyamazeni nyote! Huyu ni baba yangu! Hiki ni kiapo cha kweli, mimi ndiye niliyekiiba, mimi ndiye mwongo, si yeye!"

Simu zikainuka, mia moja, zote kwa pamoja.

"Siigizi!"

"Siigizi!" wakamwigiza, wakishangilia.

"Mama yangu amezikwa pale! Nyie watu, mama yangu amezikwa pale!" Machozi yakamshuka. Hakuyazuia, alidhani machozi yatawakata. Wakapiga makofi. Walipiga makofi wakiwa wamesimama, kwa heshima kabisa, kama watu wanaotambua kazi nzuri, na mama mmoja akamwambia jirani yake, "Leo kapatia. Ona mpaka machozi halisi."

Mzee Masele akamgusa mwanawe mkono. "Wanacheka nini?"

Aliyejibu alikuwa Magesa. Alisogea bila haraka, akatafuta kitu kwenye simu yake, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kumpa mtu mzima kitu. "Tazama, baba. Usije ukasema tumekuonea."

Ukumbi ukatulia wakati mzee anatazama. Aliishika simu mbali na macho. Sauti ya Babu Tope ilisikika mpaka dirishani: mzee anadanganya kuhusu ng'ombe, analamba udongo, anaapa, anatumbukia kwenye duara. Mzee Masele hakupepesa. Aliitazama yote mpaka ikaisha, na ilipoanza nyingine akaitazama nayo.

"Kofia yangu hiyo," akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa ule ukimya wenyewe, ule aliousikia akiwa na miaka tisa, na Wiliam aliutambua kama mtu anavyotambua sauti ya nyumba yake.

"Hata kikohozi," mzee akasema. Akamrudishia Magesa simu yake. Akafunga kitambaa fundo, akakitia mfukoni, akamgeukia mwenyekiti. "Mama, andika Masele amemaliza."

"Baba, hujamaliza kueleza," Mama Philomena akasema. Khanga ilikuwa imeshamtoka mdomoni. "Mimi hapa nasuluhisha tu. Nikiandika hamkupatana, unaweza kwenda baraza la wilaya. Nenda wilayani, baba."

"Andika amemaliza."

*

Wiliam hakurudi kazini. Alikaa nyumbani wiki nne. Alimwambia baba yake atatafuta mwanasheria Kahama, mtu wa kumsemea. Mzee alikuwa anakamua, hakuacha kukamua.

"Mwanasheria atauliza, shahidi nani? Nitasema mimi. Watanitazama." Maziwa yakapiga ndooni. "Siendi mahali pengine kutazamwa."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia. Yaliyobaki yalikuwa ya ng'ombe: fungua, funga, peleka mtoni. Hakumgombeza. Wiliam angelipa chochote agombezwe. Usemaji wenyewe wa mzee ulikuwa umebadilika. Kiswahili alikiacha kabisa. Kanisani aliitikia kwa kichwa, dukani alinyoosha kidole. Na kila alipotaka kukohoa alifumba mdomo na kukimeza kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Charles alipiga simu kila siku. Ile video ya barazani, iliyorekodiwa na watu mia moja, ilikuwa imevishinda vichekesho vyao vyote vya miaka mitatu. "Huyo mzee mlimpata wapi?" aliuliza. "Ni wewe mtupu! Mlete Kahama, mfanye wawili."

"Ni baba yangu."

Charles akaangua kicheko. "Kaka, wewe ni hatari."

Wiliam akaitupa simu kwenye majani ya ng'ombe, kisha baada ya muda akaenda kuiokota, akaifuta, kwa sababu hakujua kazi nyingine.

Wiki zikapita bila mzee kwenda wilayani. Asubuhi moja ya Jumanne watu wa Magesa wakaja na magogo ya kuegemezea duara, sururu na kamba. Walikuwa vijana wa kawaida, si wabaya; waliacha hatua chache kuzunguka kaburi, wakasema hapo hawatagusa kwanza, wataanzia pembeni. Kaburi lilionekana dogo katikati ya magogo yale.

Mzee Masele alisimama mahali ilipokuwa minyaa, mikono nyuma, akitazama. Limi alikuwa amekaa chini, khanga kichwani. Wiliam akapita katikati yao. Akaenda mpaka kaburini kwa mama yake, akapiga magoti, akachota udongo kwa vidole viwili. Hakukohoa. Hakukunja mguu. Aliuweka ulimini, akamgeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliapa kama alivyoapa baba yake na babu yake.

"Baba. Sitamfanya tena yule mzee. Sitakufanya tena kamwe. Nisamehe. Kama naongopa, udongo unimeze."

Mzee Masele akamtazama kwa muda mrefu. Akamtazama mdomo, pale udongo uliponata, akamtazama macho, kama mfugaji anayekagua ng'ombe wa kununua ambaye hamjui asili yake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ingekuwepo, Wiliam angeshika hapo.

"Na mimi nitajuaje?" akauliza, kwa Kisukuma, taratibu. Alikuwa anauliza kweli.

Akasubiri jibu. Lilipokosekana akageuka, akauvuta mguu wake kuelekea zizini.

Wiliam akabaki magotini, udongo ukiyeyuka mdomoni. Nyuma yake kulikuwa kimya. Sururu hazikulia. Akageuza kichwa. Wachimbaji wote walikuwa wameacha kazi, wameegemea mipini, nyuso zimefunguka kwa furaha, mmoja ameshatoa simu na kuinyoosha. Walikuwa wanasubiri aanguke.